Koko Mwavita na Moto wa Bobini

Kabla hujagusa bobini, gusa ufunguo wa kontakti, ule wa kuwashia gari. Hakikisha umefungwa. Halafu ugeuke, ufanye kama umesahau, uuguse tena. Ninyi vijana mnafungua kapo, boneti ya gari, haraka haraka kama mtu anayefunua sufuria ya jirani, mnataka kuona kilichomo kabla mwenyewe hajarudi. Tulizeni mikono. Gari halikimbii, ndiyo maana limeletwa kwenu.

Nimefanya kazi hii hapa Kindu tangu wakati wa Wabeleji mpaka magoti yalipokataa kulala chini ya malori. Watu huniuliza kitu gani kilinishangaza zaidi katika miaka yote hiyo. Wanadhani nitataja injini kubwa za reli, au zile mashine zilizoshushwa stesheni zikaenda kwenye migodi ya huko Kama, watu wakizisindikiza kwa ngoma. Ninawajibu: bobini. Wanacheka. Bobini ni kopo tu, linaenea katika kiganja, halizunguki, halipigi kelele, halina hata skrubu ya kurekebisha. Mimi nimeshika makopo hayo maisha yangu yote na mpaka leo nikiona cheche yake mwili unanisisimka.

Fikirini wenyewe. Batri ya magari ya zamani ilikuwa na nguvu ndogo sana, unashika ncha zake mbili kwa mikono mitupu na husikii kitu. Nguvu hiyo inaingia ndani ya kopo. Ndani yake kuna waya mnene uliozungushwa mara chache, na waya mwingine mwembamba kuliko unywele wa mtoto mchanga, umezungushwa mara nyingi hata mtu akichoka kuhesabu bado. Waya hizo mbili hazishikani. Umeme unapita katika ule mnene, kisha unakatwa ghafla na platini, vile vyuma viwili vidogo ndani ya delko, kigawanya cheche, vinavyofunguka na kufunga. Na hapo unapokatwa, katika ule waya mwembamba ambao haukuguswa na mtu, unazuka umeme mwingine wenye nguvu ya kuruka hewani na kuwasha petroli. Umeme unakatwa, na kwa kukatwa unazaa. Nani aliyeota jambo hilo? Usione vyaelea, vimeundwa, lakini hiki sijui hata kama aliyekiunda aliweza kulala siku ile.

Aliyenionyesha cheche mara ya kwanza ni Fundi Assumani, Mungu amrehemu. Nilikuwa mtu mzima tayari, nina mke, nimetoka kazi ya kupakua magunia mtoni, nikaingia garaji ya kampuni kama msaidizi wake. Assumani alikuwa mfupi, mtani, na alikuwa na tabia ya kuongea na magari kama mtu anayebembeleza shemeji. Siku ya kwanza hakunipa kazi. Alichomoa waya mnene wa katikati ya delko, akausogeza karibu na chuma cha injini, akaniambia nisipepese macho. Akazungusha manivela, kile chuma cha kuamshia injini kwa mkono. Cheche ikaruka, ya buluu, na sauti kama mtu anayevunja kijiti kikavu. Nilirudi nyuma nikamkanyaga msaidizi mwenzangu. Assumani hakucheka. Aliniambia fundi asiyeogopa kitu kile hata kidogo atakuwa fundi mbaya, na anayekiogopa sana hatakuwa fundi kabisa.

Kubadilisha bobini si kazi ngumu. Tulifanya katika nyua za watu kila Jumapili, maana siku za juma tulikuwa na malori ya kampuni. Fungua kwanza waya wa batri. Juu ya kichwa cha bobini kuna ncha mbili zenye maandishi: BAT, hapo unafunga waya unaotoka upande wa batri, RUP, hapo unafunga ule unaokwenda kwenye delko. Kabla hujafungua, funga uzi mwekundu kwenye waya mmoja, kwa sababu waya zote mbili zikishaingia mafuta zinafanana kama mapacha. Waya mnene wa katikati usukume mpaka usikie umefika chini. Ukiuacha juujuu, cheche itakuwa inarukia humo humo, gari litakohoa na wewe utamlaumu muuza petroli.

Uzi mwekundu ulitokana na lori moja lililonitoa jasho. Nilifunga waya kinyume. Injini iliwaka vizuri nikajisifu, lori likaenda mpaka kwenye mlima wa kwanza likagoma, limejaa mafuta ya mawese na abiria juu yake wanaotafuna miwa wakinitazama. Bobini iliyofungwa kinyume hutoa cheche, ila dhaifu. Assumani alinifundisha dawa yake: chukua penseli iliyochongwa, shika mti wake, weka ncha katikati ya njia ya cheche. Utaona mwali mdogo wa rangi ya machungwa. Ukilalia upande wa buji, yaani plagi, umefunga sawa. Ukilalia upande wa waya, geuza. Penseli ya mtoto wa shule. Nilipoona mwali ule umelala upande mmoja kama nyasi zilizopigwa na upepo, nilirudia kuutazama kabla sijageuza waya.

Sasa nije kwa Koko Mwavita, kwa sababu ndiye aliyenifanya nianze na habari ya ufunguo.

Mtoto wake Salumu alikuwa mfanyabiashara wa mpunga hapa site, mtaa wa Waafrika, mtu wa sala, mwenye haya. Alinunua gari jeusi la Mbeleji mmoja aliyekuwa akirudi kwao. Wakati ule mtu mweusi kuwa na gari lake lilikuwa jambo la watu kusimama. Majirani walikuja kulipongeza kama wanavyokuja kumtazama mtoto mchanga, wengine na kuku mkononi. Mama yake tulimwita Koko, ndivyo tunavyowaita wazee wa umri ule. Alikuwa mwembamba, mkali wa macho, anasema "njo" mahali pa "ndiye" kama wengi hapa, na jiko lake lilisifika mtaa mzima kwa kutozimika. Jioni anafunika makaa kwa majivu, alfajiri anafukua, moto uko. Majirani waliokosa kiberiti walikuja kwake na kigae kuchukua kaa. Na ikiwa kuna safari kesho yake, Koko hakuufunika kabisa, aliukalia na kuuchochea mpaka asubuhi. Kwao, upande wa Pangi, walisema safari ambayo moto wake umelala nayo italala njiani.

Huko Pangi ndiko alikokuwa mdogo wake, Amisi. Mama yao alikufa Amisi akiwa ananyonya, Mwavita akambeba mgongoni, akamtafunia chakula, akamlea mpaka akaoa, naye akamwita Yaya, yaani dada mkubwa. Hawakuwa wameonana tangu Koko aletwe Kindu. Alhamisi moja muuza karanga akaleta habari kwamba Amisi amelala, hali si nzuri, na anamtaja dada yake. Salumu akasema, basi gari hili Mungu amelileta kwa kazi hii. Akaenda kuomba ruhusa ya safari kwa utawala, maana zama zile huwezi kutoka sehemu yako bila karatasi, wakampa ya Jumanne.

Jumamosi gari halikuwaka. Batri imechoka, na bobini, tulipoipima, imekufa.

Jumapili tulikwenda uani kwa Salumu, mimi na Assumani. Duka la Mgiriki lilikuwa na bobini moja tu, Salumu akaichukua. Tuliifunga mbele ya umati, watu wamekaa juu ya vinu na madumu kama wako kwenye harusi. Injini ikawaka. Wanawake wakapiga vigelegele, Koko akaja akaweka kiganja juu ya kapo akasikia mtetemo, akasoma dua. Jumatatu asubuhi batri ikawa dhaifu tena. Assumani akaituhumu dinamo. Aliifungua yote, akaisugua, akaifunga, akaiapia. Mchana tukalizungusha gari mpaka stesheni na kurudi, likaenda kama maji. Tukaagana: kesho alfajiri, tuwahi kivuko cha kwanza. Mimi na Assumani tungesafiri nao, kwa sababu njia ya Pangi haina fundi.

Jumanne nilifika kulipokuwa kunaanza kupambazuka, nimebeba kisanduku cha vyombo. Salumu alikuwa msikitini. Nikasikia harufu kabla sijaona kitu, harufu ya lami na mafuta yaliyoungua. Nikafungua kapo. Bobini ilikuwa ya moto, huwezi kuweka mkono, na mafuta yake yanatiririka kwenye chuma. Nikainua macho. Nyuma ya kioo, kwenye kiti cha dereva, alikaa Koko Mwavita amejifunika kitenge, tasbihi mkononi, na mbele yake inawaka ile taa ndogo nyekundu ya karibu na usukani. Alinitabasamia kwa fahari.

"Ramazani, angalia, moto yake iko," alisema. "Sikuiacha ikufe."

Ninyi mnaojua magari mmeshaelewa. Mimi nilihitaji muda. Koko alimwona mwanawe akigeuza ufunguo, taa nyekundu ikawaka, kisha injini ikaja. Kwake lile lilikuwa kaa. Kaa la gari. Na mwanawe, mtu mwema lakini mwanamume, kila jioni alikuwa akilizima kabla ya kulala, na safari ya kwa Amisi iko mbele. Basi tangu habari ile ifike, watu wakishalala alikwenda akageuza ufunguo, akalikalia kaa, na kabla ya adhana akalifunga asije akaonekana anaingilia mambo ya wanaume, isipokuwa asubuhi ile ya safari, alipotungoja nalo likiwaka. Siku injini iliposimama platini zikiwa wazi, umeme haukupita ndani ya bobini, batri ilichoka tu. Siku iliposimama platini zikiwa zimefunga, umeme ulipita saa zote bila kukatwa, bobini ikaungua. Yeye akisali pale juu yake.

Nilinyoosha mkono nikafunga ufunguo. Taa ikazimika, na Koko akanishika kifundo cha mkono kwa nguvu sikujua kama anazo. Assumani alikuwa amefika, na Salumu nyuma yake kutoka msikitini. Nikawaeleza kwa sauti ya chini. Salumu alikaa kwenye kidato cha gari, akafunika uso kwa kofia yake. Karatasi ya safari ilikuwa ya siku ile, duka halina bobini nyingine, na Amisi hasubiri treni ituletee nyingine. Alimuuliza mama yake tutafika na nini sasa, akauliza bila kupandisha sauti, na hilo lilimuumiza Koko kuliko kama angefoka.

Koko alishuka polepole. Alitazama mafuta yanayodondoka mchangani. "Basi njo mimi nilimufungia Amisi njia," alisema.

Nimeona watu wengi wakilia juu ya magari. Yule hakulia, alisimama tu, mikono imening'inia. Nilitamani ardhi inimeze, na sikuwa nimefanya kitu.

Assumani ndiye aliyetuokoa. Kwanza alianza kucheka, si kumcheka Koko, alijicheka mwenyewe, jinsi alivyoitesa dinamo ya watu isiyo na hatia. Kisha akasema nyuma ya nyumba yake kuna mzoga wa lori la zamani, na mzoga ule una bobini. Alikwenda akarudi nayo imejaa vumbi na mayai ya mjusi. Alituonya: ni mzee huyu, akiwa baridi anafanya kazi, akipata joto anazirai. Tukaifunga. Kabla ya kurudisha waya wa katikati, akamwita Koko asogee, akafanya kama alivyonifanyia mimi garajini. Mimi nilizungusha manivela. Kulikuwa bado na giza kidogo uani. Cheche ikaruka, buluu, ikaruka tena, na tena.

Koko hakurudi nyuma. Alisogea mbele mpaka Assumani akamzuia kwa mkono.

"Koko, moto ya gari hailalake," Assumani alimwambia. "Hapana ya kuchunga. Inazaliwa, inakufa, inazaliwa tena, wakati wote gari inatembea."

Alifikiri. Kuku walikuwa wameanza kushuka kutoka kwenye paa. "Na mama yake njo nani?" akauliza.

Assumani akamwonyesha lile kopo la vumbi. Koko akalitazama kwa muda mrefu, na niliona uso wake ukibadilika, ukapata heshima ile ambayo watu huwa nayo mbele ya kitanda cha mzazi. "Anazaa vile, bila kupumuzika?" alisema. "Na mimi nilikuwa namukalisha macho."

Akaenda jikoni. Alirudi na mtungi wa maji na kitambaa cheupe cha kufungia chakula. Alisema mwanamke mwenye joto hatibiwi kwa kufokewa, anapozwa. Na hiyo, vijana, ndiyo dawa yenyewe, Assumani alikuwa karibu kuisema: bobini iliyochoka ivishe kitambaa kilicholowa maji. Ila mwilini tu, chini. Kichwani pasiguswe na maji, cheche itapotea njia, itatambaa juu ya unyevu na kwenda kusikohusika.

Tulivuka mto Lualaba kwa kivuko cha kwanza. Upande wa pili tukaanza kwenda mwendo wa pole, mwenda pole hajikwai, na gari likienda vizuri mpaka jua lilipopanda. Kisha likakohoa, likasimama katikati ya msitu. Koko alikuwa ameshashuka kabla Salumu hajavuta breki. Alikamua kitambaa, akakichovya, akaizungushia bobini kwa vidole vyake vyembamba, bila kugusa kichwa, kama alivyoonyeshwa. Mvuke ukapanda. Aliibembeleza kwa sauti ya chini, ssh, ssh. Tulingoja mpaka ikawezekana kuweka mkono, tukazungusha manivela, injini ikaja.

Hivyo ndivyo tulivyokwenda. Sijui tulisimama mara ngapi. Kwenye kila kijito alijaza mtungi. Wanawake waliotoka mashambani na vikapu walisimama kutazama mwanamke mzee ameinama ndani ya gari la Kizungu akilikanda kwa maji, wakamuuliza linaumwa nini. Aliwajibu kwamba haliumwi, linazaa. Kuna mmoja alitua kikapu chake akaenda kutuchotea maji mengine, na alipoyaleta akaomba kuona. Assumani akamwonyesha cheche. Mama yule alishika kifua, akabeba kikapu chake akaenda, na akiwa mbali bado anageuka.

Mimi wakati huo nilikuwa nimesimama pembeni na manivela mkononi, na mshangao umenijaa mpaka nikasahau njaa. Nilikuwa nimebadilisha bobini nyingi kufikia hapo. Nilijua BAT na RUP, nilijua penseli. Lakini nilikuwa nimezoea. Katika njia ile ya Pangi niliiona upya, cheche isiyo na jiko wala kaa, inatoka mahali pasipo na moto, inampeleka mtu kwa ndugu yake. Mpaka leo, nikihisi nimeanza kuzoea, ninakumbuka vidole vya Koko.

Tulifika Pangi jua limeshuka upande wa pili. Watu walitoka nje, wamenyamaza, na ule ukimya ukatutia hofu sote, Salumu akashindwa kuuliza. Kumbe walinyamaza kwa ajili ya gari. Amisi yuko hai, wakasema, yuko ndani.

Koko aliingia na kitambaa chake mkononi, alisahau kukiacha. Amisi alikuwa amelala kwenye kitanda cha fito, mifupa mitupu, homa imemshika. Hakufungua macho. Koko akakaa ukingoni, hakumwita jina, akatandaza kile kitambaa chenye maji juu ya paji la uso wake, akakibonyeza kwa kiganja kama alivyokuwa akifanya njia nzima.

Amisi akavuta pumzi ndefu kwa pua. Macho bado yamefumba. "Yaya," alisema. "Mukono yako iko na harufu ya motokari."

"Njo yeye alinileta," Koko akamjibu, na hapo ndipo alipolia.

Salumu alitoka nje. Assumani alitazama ukuta. Mimi nilikuwa natafuta njia ya kuondoka bila kukanyaga mtu, Koko akanigeukia na machozi yake yote.

"Ramazani, ulifunga ufunguo? Acha mama wa watu apumuzike."

Nilikwenda kutazama. Ulikuwa umefungwa. Niliugusa tena hata hivyo, kisha nikafungua kapo, nikaweka kiganja juu ya lile kopo la zamani, nikakaa nalo mpaka likapoa.